Pambizo la Ndani

3 Februari

Kaka,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa binti yenu. Sisi huku wazima. Baba watoto amebadilishiwa zamu, sasa analala mchana, nasi tunanyata kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kazini boila iliharibika wiki mbili nzima, tukapiga pasi mashuka ya hospitali yote kwa pasi za mkono. Bega la kulia silisikii. Jingine jipya hakuna.

Sasa nina shida na wewe. Tulipomaliza mazishi ya Mama tulikubaliana, mbele ya wifi, kwamba riwaya zake zikae kwako kwa kuwa nyumba ni hiyo, na mimi nikitaka kusoma niombe. Miezi minane sijaomba. Leo naomba. Nataka ile yenye jalada la kijani, aliyokuwa akiisoma mwaka niliopelekwa kwa Shangazi.

Usiniambie huijui. Mama aliuza tiketi stesheni miaka ishirini na sita, na hapo dirishani, kati ya treni na treni, hakukosa riwaya mapajani na penseli sikioni. Unajua alivyosoma. Akigombana na mtu wa kitabuni alimwandikia pembeni: "Mjinga huyu, si umwambie tu!" Na chini yake, mwandiko ule ule: "Sabuni imekwisha. Mdogo ana kikohozi." Ukitaka kujua nyumba yetu iliamkaje siku fulani, fungua riwaya.

Najua baba alikuwa ametuacha na mshahara wa dirishani hautoshi watu watatu. Najua Shangazi alijitolea kuchukua mmoja wetu. Ninachouliza ni kwa nini mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kitabu cha kijani kilikuwa wazi mbele yake aliponipa tiketi ya nusu. Mwaka jana, siku zake za mwisho, nilimuuliza: Mama, nilikosa nini ukanitoa nyumbani? Alikuwa amechoka kusema. Akanijibu, "Niliandika siku ile ile. Katafute."

Basi natafuta. Hadithi sina haja nayo, nataka pambizo. Nitumie kwa posta, kwa rejista.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Hatujambo. Wifi yako anasema bega ulikande kwa maji ya moto. Binti yetu amefaulu mitihani, ameanza kutujibu kama mwanasheria. Kiwandani tumepata kazi ya kufunga madaftari ya mahakama, kwa hiyo usishangae nimechelewa.

Nakutumia riwaya mbili za Mama. Utaona mwenyewe kazi ya kaka yako. Nimeamua kuvifunga upya vitabu vyake vyote, thelathini na kimoja, kwa muda wangu wa mapumziko. Nimevishona, nimevitia majalada ya kitambaa, na jina kwa maandishi ya dhahabu. Vilikuwa vimechoka mno, vingine vimeliwa na wadudu hadi karibu na maandishi. Mkuu wa kiwanda alipoviona alisifu, na yule bwana huwa hasifu kitu.

Cha kijani bado kina gundi mbichi. Ila nashangaa, mtu mzima mwenye watoto watatu anafukua mambo ya miaka thelathini na mbili. Mama alikuwa anaandika ovyo tu, penseli isilale. Wewe umesoma riwaya nyingi sasa unadhani kila nyumba ina siri.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Mimi mzima, hofu juu yako sina. Watoto wanamsalimu mjomba. Baba watoto ana mafua na anataka nchi nzima ijue.

Vitabu vimefika. Nilivifungua kazini wakati wa chakula, nikawaita wenzangu kutoka kwenye mapipa ya kufulia, nikawaambia njooni muone mikono ya kaka yangu. Nilijivuna, kweli kabisa. Kisha nikafungua ndani.

Hivi wewe una akili timamu? Umeyakata! Umevitia kwenye mashine, ukapitisha kisu juu, chini na ubavuni, na maneno ya Mama yameondoka na takataka. Ukurasa wa arobaini wa kimojawapo unasema "Mwanamke huyu anapend" basi. Anapenda nini? Anapendeza? Anapendelea? Ukurasa wa sitini na mbili imebaki mikia ya herufi tu, vichwa hamna. Nimekaa na lenzi ya mkuu wa stoo nikikisia mikia ya mama yangu mzazi.

Hadithi yenyewe nimeisoma. Ni ya tajiri na mkewe wasiosemezana. Kurasa mia tatu, karamu tano, wageni wanalala humo kila juma, na hakuna siku hata moja mtu aliyefua shuka. Mimi nikisoma riwaya lazima niulize nani anafua, na naapa Mama aliuliza hivyo hivyo pembeni, ila sitajua, kwa sababu wewe ulitaka kingo zinyooke. Karatasi iko dukani, kaka. Tulichoachiwa ni yale maneno.

Cha kijani usikiguse. Kitume kama kilivyo, na wadudu wake.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa makusudi. Nilingoja hasira ipoe, haikupoa. Wifi yako alilazwa siku nne, sasa yuko nyumbani, anakula kidogo kidogo.

Nimefunga vitabu miaka ishirini na mitatu. Kitabu kikichakaa kingo unakata hadi ufike kwenye karatasi nzima, ndiyo kazi, hakuna namna nyingine. Mkono wangu unafanya hivyo hata kichwa kikiwa kwingine. Sikufikiria penseli, nilifikiria wadudu. Ulitaka niwaachie wadudu wasome?

Halafu wewe ndiye wa kunihubiria tulichoachiwa? Ulikuwa wapi Mama alipopooza? Nani alimgeuza kitandani miezi kumi na moja? Nani alimlisha kwa kijiko huku yeye akigeuzia uso ukutani? Ulikuja mara mbili. Ukakaa ukingoni mwa kitanda na begi lako likiwa mlangoni, hukulifungua hata kutoa kitambaa cha jasho. Wifi yako alikutandikia kitanda, ukalala juu ya shuka kana kwamba unangoja kuitwa.

Na unauliza ulikosa nini. Ulipelekwa kwa Shangazi, nyumba ya vyumba vitano, bomba ndani, redio sebuleni. Mimi nilibaki kuchota maji na kumsikiliza Mama akikohoa. Kama kuna aliyeonewa, usijitaje wewe.

Cha kijani hakipo. Nilimwazima mwalimu wa binti yetu, naye amehama.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Mpe wifi pole yangu, ya kutoka moyoni, yeye hana kosa. Huku tu salama.

Machi kitabu kina gundi. Mei kimeazimwa na mwalimu amehama. Tangu utoto hujui kudanganya, ulikuwa ukisema uongo unashika sikio. Naamini ulipoandika hilo la mwalimu kalamu ilikuwa mkono mmoja na sikio mkono wa pili.

Sasa nikueleze raha ya vyumba vitano. Vinne vilikuwa vya wapangaji, cha tano cha Shangazi, mimi nililala kwenye korido. Bomba lilikuwa ndani, ndiyo, na vyombo vya wapangaji wote vilikuwa chini yake vikinisubiri. Hakunipiga, sitamsingizia. Aliniita "wewe". Miaka sita, "wewe". Hapo ndipo nilipojifunza pasi. Kila jioni nilikunja nguo zangu nikazirudisha kwenye begi, nikidhani nikiwa mtoto mzuri vya kutosha Mama atakuja Jumamosi, na akija anikute tayari. Begi uliloliona mlangoni uliliona vizuri. Mpaka leo sijui kutoa nguo kwenye begi. Baba watoto alininunulia kabati tulipooana, upande wangu mtupu mwaka wa kumi na tano huu. Watoto wanafichamo viatu.

Nimeyahesabu makosa yangu yote ya mwaka ule. Nilivunja kikombe cha bluu. Nilimwambia jirani kuwa baba hatarudi, na Mama alikuwa hajataka ijulikane. Nililowesha kitanda mara mbili. Kila miaka michache nachagua kosa moja naamua ndilo, naliombea msamaha kimoyomoyo, halafu silali, nachagua lingine. Ukisoma riwaya, mtoto akitolewa kwao, mwandishi atake asitake lazima mahali fulani aseme sababu, la sivyo msomaji atakitupa kitabu ukutani. Mimi hadithi yangu haina ukurasa huo. Unao wewe. Umeufungia kabatini na unajitia hamnazo.

Likizo yangu ni mwisho wa Agosti. Kitabu kisipofika, nitakuja kukitafuta mwenyewe, droo kwa droo, mbele ya mkeo na binti yako.

Mdogo wako

20 Agosti

Mdogo wangu,

Wifi yako amepata nguvu. Usije.

Kitabu hiki hapa. Nimekifunga kwa kitambaa cha kijani usije ukasema nimekubadilishia. Hakuna kitu humo. Soma hadithi, inachekesha.

Kaka yako

4 Septemba

Kaka,

Wewe sikusalimu. Wifi msalimie.

Vile vingine kisu kilichukua upana wa kidole. Hiki umekata hadi kwenye herufi za chapa, vidole viwili kila upande, safi, kingo zimenyooka. Wadudu gani hao wanaokula kwa rula?

Nilikaa nacho siku tatu. Nilikitembeza nyumba nzima, nikakiweka juu ya friji, nikakitoa. Siku ya nne, wakati wa chakula, nikakumbuka kitu ulichonifundisha wewe mwenyewe. Ulikuwa mwanagenzi, nimekuja kusalimia, ukanichukua kiwandani kunionyesha ile mashine kama vile umeizaa. Ukasema kisu kinakata pande tatu. Upande wa nne hakiufikii, ndio wenye mshono.

Kazini tuna kiwembe cha kufumulia mishono ya mashuka yaliyochanika. Nilikichukua, nikakaa juu ya kikapu cha foronya, nikaifumua kazi yako uzi kwa uzi. Wenzangu waliacha kula wakanitazama. Mishono yako ni mizuri sana, ilinichukua dakika arobaini, na kila uzi uliokatika niliufurahia.

Kurasa zilipolegea nikamwona Mama. Ukurasa wa mia moja na nane, pambizo la ndani kabisa, ameandika kwa kubana, kutoka juu kushuka chini: "Mkubwa analia siku ya nne. Hali chochote. Shangazi yao alimtaka yeye, wa kiume. Siwezi. Nitampeleka mdogo. Huyu halii."

Na ukurasa wa mia moja na tisa unaoutazama huo, kutoka chini kupanda juu: "Treni imeondoka saa nne. Nimerudi dirishani, nime". Hapo mstari unapinda kuingia pambizo la juu, na pambizo la juu umelikata.

Kumbe aliyetakiwa ni wewe. Tiketi ile ya nusu ilikuwa yako. Kikombe cha bluu hakikuwa na hatia yoyote, na nimekibeba tangu nina miaka tisa.

Sikulaumu kwa kulia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulimtaka mama yako, ni haki yako. Namlaumu mwanamume wa miaka arobaini na minne aliyeyasoma maneno haya, akajua mimi nayatafuta, akawasha mashine. Nataka kilichobaki cha ile sentensi. Kama umekitupa, sema umekitupa, na huu uwe mwisho wa kuandikiana.

Dada yako, kwa kuwa hilo huwezi kulikata

17 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Habari za nyumbani nitakupa siku nyingine.

Nilikisoma siku ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa nimekaa sakafuni napanga vitabu vyake, nikakifungua tu, kikafunguka hapo hapo. Kule kulia kwangu nilikuwa nakukumbuka miaka yote, nisikudanganye. Sikujua kama Mama alikuwa ameandika. Nilijua nikilia mbele yake anavunjika, na nililia mpaka akavunjika. Wewe ulikuwa hujui kama kulia kunasaidia, hakuna aliyekufundisha. Hukukosa kitu kingine. Acha kutafuta.

Barua yako ya Februari ilinikuta sijafunga hata kimoja. Sasa elewa. Vile thelathini nilivikata kwa ajili ya hiki kimoja. Kingekuja kwako peke yake kimekatwa, ungejua siku hiyo hiyo. Nikavikata vyote vifanane. Hakukuwa na wadudu, labda kwenye viwili. Nilisimama kwenye mashine siku tano wenzangu wakiwa wameenda kula, na nilikuwa nayaona maneno yakianguka, na sikusimama.

Vipande vinatiwa kwenye gunia, gunia linakwenda kusagwa. Vimekwenda. Isipokuwa kimoja. Kilibaki mkononi, sikujua nikiweke wapi, nikakitia kwenye kopo langu la sindano. Kila nikitafuta sindano nakishika. Ndicho hiki ndani ya bahasha.

Na hili hukuniuliza, ila ujue: baada ya ukurasa ule hakuna penseli. Kurasa zote zilizofuata zilitoa vipande vyeupe. Nilitazama kimoja kimoja.

Usiniandikie kwamba umenisamehe, sitaki kusikia. Na mimi ile miezi kumi na moja bado inaniuma, sikuitunga ili kujikinga. Alikuwa akisikia mlango anageuza kichwa, na kila siku aliyeingia nilikuwa mimi.

Kaka yako

1 Novemba

Kaka,

Watoto hawajambo. Baba watoto amerudishiwa zamu ya mchana, tunapiga kelele tena. Bega limepona, mwambie wifi ni yale maji yake ya moto.

Kipande kimefika. Kina matundu matatu ya sindano. Nilikiweka juu ya ukurasa wa mia moja na tisa kikakaa barabara, mkono wako haukosei hata ukifanya uovu. Sentensi nzima ni hii: "Treni imeondoka saa nne. Nimerudi dirishani, nimesoma ukurasa huu mara sita, sijui unasema nini."

Nikausoma huo ukurasa nione una ugumu gani. Ni mtu anatafuta kofia yake. Basi! Anatazama chini ya kiti, anamuuliza mpangaji mwenzake, anarudi kutazama chini ya kiti kile kile. Mtoto wangu wa mwisho nilipomsomea kwa sauti alielewa mara moja, akacheka mpaka akashika tumbo. Mama, aliyekuwa akisoma riwaya nzima kati ya treni ya asubuhi na ya jioni huku akitoa chenji, aliusoma mara sita.

Nililia, kaka. Siyo siku hiyo, kesho yake, kazini, bila kutegemea, juu ya rundo la mashuka yaliyokuwa yameshapigwa pasi, ikabidi yafuliwe tena. Msimamizi akaniuliza nani amefariki. Na kwa kuwa umenieleza yako, chukua na yangu: siku ile pia nililia. Nilingoja treni ipite stesheni ya tatu kwanza, kwa sababu makondakta wote walikuwa wakimjua Mama, wasije wakamwambia. Nilidhani namsaidia.

Sijakusamehe, kwa hiyo hapo tumepatana. La kulia nimelimaliza. La vitabu thelathini siwezi, nikilikumbuka nataka kukupigia simu nikutukane mbele ya wafanyakazi wenzako. Na miezi kumi na moja ni yako. Ningeweza kuja, nilikuwa na likizo, nikaitumia kupaka rangi jikoni. Nilikuwa nikimwadhibu. Sikujua kama alikuwa akigeuza kichwa.

Kitabu nimekimaliza, kuanzia pale alipokiachia. Kofia inapatikana ukurasa wa mia moja na kumi na tatu, ilikuwa kichwani muda wote. Mwisho wake wanaoana wote, hata yule mwizi. Nakirudisha kwako kikiwa kurasa zilizolegea pamoja na kile kipande. Kipande kibandike mahali pake, kisha ushone. Utakuta na mimi nimeandika kwa penseli, kuanzia ukurasa wa mia moja na kumi hadi mwisho, pambizo la ndani, kwa kuwa hukuniachia lingine. Mengi ni ya kugombana na mwenye kofia. Mengine yanakuhusu, soma kabla hujashona, hayapendezi. Ukurasa wa mwisho nimeandika: "Upuuzi mtupu, si wangesema tu! Pasi zimepoa. Nguo zangu nimeziweka kabatini."

Shona, kaka. Kisu kiache.

Mdogo wako